Keshia, afisa mauzo, katibu muhtasi: kazi yako imeandikwa wapi?

Dada mmoja aliyefika ofisini kwetu hivi karibuni aliweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wake wa kurasa tatu, cheo "Afisa Mauzo". Ya pili ni barua ya kumwachisha kazi kwa sababu ya "upotevu wa mzigo stoo". Nilimuuliza ufunguo wa stoo alikuwa akikaa nao nani. Akasema hakuna anayekaa nao, huwekwa juu ya fremu ya mlango na wafanyakazi wote wanne wanajua. Nikaupitia mkataba nikitafuta neno stoo. Halimo. Kilichomo ni sentensi moja: "Atafanya kazi za mauzo na nyingine zozote atakazoelekezwa na msimamizi."

Mgogoro huo ulizaliwa siku ya kwanza ya ajira, pale mwajiri alipoandika cheo akaacha kuandika kazi. Malalamiko ya namna hii yanatufikia kila wiki kutoka madukani na maofisini, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Naamini waajiri wengi hawana nia mbaya. Wanachukua mkataba wa jirani, wanabadilisha jina, wanachapisha. Mfanyakazi naye anasaini kwa sababu anahitaji kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2005), imeliweka jambo hili wazi katika kifungu cha 15. Mfanyakazi anapoanza kazi, mwajiri anatakiwa kumpa kwa maandishi: jina, umri, anwani ya kudumu na jinsi yake, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu. Asiyeyaelewa maandishi hayo aelezwe kwa namna atakayoielewa. Kitu kikibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Nyaraka hizo zinatunzwa kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma, hazichomwi mtu akiondoka.

Kuna sehemu ya kifungu hicho ambayo waajiri huijua wakiwa wameshachelewa. Shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au taarifa hizo, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni lake. Kwa hiyo na wafanyakazi waache kusema "sina mkataba, kwa hiyo sina haki". Tumelirudia hili kwenye semina na redioni mpaka sauti imekauka. Kukosa karatasi ni kosa la mwajiri, na haki yako haipotei kwa kosa lake.

Sasa niingie kwenye kazi zenyewe.

Keshia anapokea fedha, anatoa risiti ya mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) kwa kila mauzo, anafunga hesabu mwisho wa zamu na kukabidhi. Hayo yanajulikana. Kisichoandikwa ni mipaka: droo ni ya nani, nywila ya mashine ni ya nani, fedha ya kuanzia ni kiasi gani, na nani anashuhudia zikihesabiwa. Nimekagua duka lenye keshia wawili, wa asubuhi na wa jioni, droo moja na nywila moja. Saa nane mchana wanapishana, mteja amesimama kaunta, wa asubuhi anavua aproni, wa jioni anavaa, hakuna anayehesabu. Usiku shoti, yaani upungufu wa fedha, inaonekana. Nani amekula? Hakuna ajuaye, na mwajiri anaamua kuwagawia nusu kwa nusu.

Hapo ndipo penye kosa, na nitalieleza taratibu kwa sababu linajirudia. Kumkata mfanyakazi mshahara kufidia hasara kunahitaji kwanza akubali kwa maandishi. Pamoja na ridhaa hiyo, kifungu cha 28 kinadai masharti matano, yote kwa pamoja. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe. Mwajiri ampe kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na lilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Chukulia keshia analipwa shilingi 400,000 na shoti ni 620,000. Hata akiwa amekiri, mwezi huo hakatwi zaidi ya 100,000. Mshahara wote hauzuiliwi "mpaka deni liishe". Na kugawana shoti nusu kwa nusu kunaanguka kwenye sharti la kwanza kabisa, maana kosa la mtu huthibitishwa kwa mtu, halithibitishwi kwa zamu.

Wapo wanaomsainisha mfanyakazi siku ya kuajiriwa karatasi isemayo "nitalipa hasara yoyote itakayotokea". Karatasi hiyo imetangulia hasara. Haina kiasi, haina chanzo, na mfanyakazi hakuwa na cha kupinga. Haiondoi hata sharti moja kati ya hayo.

Kama mwajiri anaamini keshia ameiba, njia yake ni ya nidhamu. Amwandikie tuhuma, ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, amruhusu kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, wamsikilize, ndipo uamuzi utoke. Kumfukuza palepale kaunta mbele ya wateja, hata kama kweli ameiba, kunampa mfanyakazi hoja ya utaratibu ambayo mwajiri hakuwa na sababu ya kumpa.

Mtunza stoo sitamzungumzia sana. Yeye anapokea, anatunza, anatoa kwa hati. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea, na anayeupokea asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Pale wafanyakazi ni wachache na mtu mmoja anafanya yote, mwenye biashara ahesabu stoku mwenyewe kwa tarehe zisizojulikana.

Katibu muhtasi na mhudumu wa mapokezi wanachanganywa mno. Katibu muhtasi anasimamia ratiba ya bosi, anaandaa barua na mihtasari ya vikao, anafuatilia majalada, na zaidi ya yote anatunza siri: mishahara, barua za nidhamu, zabuni. Mhudumu wa mapokezi anapokea wageni na simu, anaandika kitabu cha wageni, anaelekeza. Mmoja akifanya kazi za wote wawili, maelezo yake ya kazi yaseme hivyo na ujira uzingatie hivyo. Sehemu ya hatari ni peticashi, yaani fedha za matumizi madogo ya ofisi. Mara nyingi katibu muhtasi hukabidhiwa bahasha ya fedha bila kuambiwa kiwango chake ni kipi, nani anaidhinisha matumizi, na inajazwa tena kwa hati gani. Bosi anatuma dereva achukue "elfu ishirini ya haraka", hakuna vocha. Mwisho wa mwezi katibu muhtasi anaulizwa peke yake. Dada zangu na kaka zangu wa ofisini, msitoe fedha bila vocha yenye saini, hata kama anayetuma ni mkurugenzi. Vocha hiyo inamlinda na yeye.

Na suala la chai. Kama kuandaa chai na kuosha vikombe havimo kwenye maelezo ya kazi ya mhudumu wa mapokezi, si kazi yake, na jinsia yake haiifanyi kuwa kazi yake. Ofisi iajiri mhudumu wa ofisi, au iandike jukumu hilo na wakubaliane.

Afisa mauzo ndiye anayeumia zaidi. Kwanza watu wamtofautishe na afisa masoko. Afisa masoko anachunguza wateja wanataka nini, anatangaza, anaandaa njia. Afisa mauzo anakwenda kwa mteja, anauza, anafuatilia oda na mara nyingi anakusanya fedha. Mambo matatu yaandikwe kabla hajatoka na sampuli mkononi.

La kwanza ni mali kauli, yaani mzigo unaotolewa kwa mkopo. Je, ana ruhusa ya kumkopesha mteja? Hadi kiasi gani? Kwa idhini ya nani? Kampuni inayomsukuma afisa mauzo apeleke mzigo kwa mkopo ili mauzo yaonekane makubwa, kisha mteja akihama inamdai yeye, inabadili hatari ya biashara kuwa deni la mfanyakazi. Akiwa amefuata maelekezo, kosa lake liko wapi?

La pili ni kamisheni. Asilimia peke yake haitoshi. Inakokotolewa kwenye ankara iliyotolewa au kwenye fedha iliyoingia? Mzigo ukirudishwa inakuwaje? Akiondoka kabla mteja hajalipa, je? Sheria imedai ujira na namna unavyokokotolewa, na kamisheni ni sehemu ya ujira.

La tatu ni tageti, yaani kiwango cha mauzo anachotakiwa kufikia. Wafanyakazi huniambia kwamba kukosa tageti si sababu ya kuachishwa kazi. Waajiri huniambia kwamba ni sababu tosha, tena bila maelezo. Wote wanakosea. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka iangaliwe kama mfanyakazi kweli hakufikia kiwango, kama alikijua kiwango hicho, kama kiwango ni cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Tageti iliyotangazwa kwenye kundi la WhatsApp tarehe 20 kwa mwezi unaoisha tarehe 30, kwa mtu ambaye pikipiki yake ya kazi iko gereji, haivuki maswali hayo.

Sasa cheo cha meneja. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na haziruhusiwi kuvuka 50 katika mzunguko wa wiki 4. Masharti hayo hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Baadhi ya waajiri wameisoma sehemu hii vibaya. Wanamwita muuzaji "Meneja wa Tawi", tawi lenyewe ni chumba kimoja, anafungua mwenyewe, anauza mwenyewe, anadeki mwenyewe, hana hata mtu mmoja chini yake, anafunga saa tatu usiku. Huyo si meneja kwa maana ya sheria, na saa zake za ziada anadai. Tena saa za usiku zinahesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na zina nyongeza ya asilimia 5.

Vivyo hivyo kwa wanaoitwa "mawakala". Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata moja ya hali ilizozitaja: namna anavyofanya kazi au saa zake zinaamuliwa na mwingine, anapewa vitendea kazi, anamtumikia mtu mmoja tu, anamtegemea huyo kiuchumi, na nyinginezo. Kijana anayevaa fulana ya kampuni, anaripoti saa mbili asubuhi na kukatwa akichelewa, hawi mfanyabiashara huru kwa kuandikwa "wakala".

Mgogoro ukishatokea, ni siku zinazowaponza watu. Kama unapinga kuachishwa kazi, unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ikome. Madai mengine, kama makato na saa za ziada, ni ndani ya siku 60. Unajaza fomu CMA F1, unampelekea mwajiri nakala yake, anasaini kupokea, ndipo unaiwasilisha Tume ukiwa na uthibitisho kwamba ameipata. Nasisitiza hapo katikati, maana wengi hupeleka fomu Tume peke yake na kurudishwa. Usuluhishi unafanyika ndani ya siku 30, na ukishindikana shauri linakwenda kwenye uamuzi. Aliyechelewa anajaza CMA F2 kueleza sababu nzito za kuchelewa. "Nilikuwa nasubiri bosi apoe" haijawahi kuwa sababu nzito, na huwa inaniuma kumwambia hivyo mtu mwenye haki yake. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, lakini mshahara na malimbikizo yake anayadai kama mwingine yeyote.

Ukija kwetu au ukienda CMA, njoo na mkataba kama upo, hati za mshahara, barua zote, na ujumbe wa simu uliochapishwa ukionyesha nani alikuelekeza ufanye nini na lini. Kama ulikabidhiwa droo, stoo au bahasha ya peticashi, njoo na hati ya makabidhiano. Kama hukupewa, andika ukurasa mmoja ukiwa bado unakumbuka: tarehe, saa, nani alikuwepo, ufunguo ulikuwa wapi. Yule dada wa stoo alifika kwetu siku ya 11 tangu aachishwe kazi, akiwa na mkataba, barua, na picha ya ule mlango wa stoo aliyoipiga kwa simu miezi minne kabla, siku alipomwomba msimamizi kwa ujumbe anunue kufuli lenye funguo mbili. Ujumbe huo nao alikuwa nao, na jibu la msimamizi pia.