"Kiswahili hakina shida hiyo" na mengine tunayoambiana kuhusu watu wa trans

Hii naisikia sana, ati mambo ya kuchunga lugha kuhusu watu transjenda, yaani trans, wale wanajijua kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, ni ya wazungu, wao ndio wana neno la mwanaume na lingine la mwanamke, sisi tuna "yeye" na imeisha. Nusu yake ni kweli. Anakuja, amefika, nimemwona, hapo hakuna jinsia, hata mtu nonbainari, yaani yule hajioni mwanaume wala mwanamke, unaweza kumzungumzia siku nzima bila kumkosea. Lakini sisi kuitana ni kaka, dada, anti, mzee, mamii, na hapo ndio dada wa trans anaitwa "kaka" kwa nguvu pale steji ya matatu ili watu wote wageuke. Na kuna mbaya zaidi, kumtoa mtu kwa ngeli ya watu kabisa: "kile kimekuja", "hicho kitu". Hiyo inauma na inasemwa kila siku. Kama huna uhakika si kuna ndugu, rafiki, jirani, mwenzangu, mteja, na kwa sherehe badala ya "mabibi na mabwana" sema wageni wetu wapendwa, ama tumia tu jina lake.

Kuhusu jina pia, watu husema la utotoni ndilo la ukweli na hili jipya ni kujifanya. Sasa mtu akisilimu leo si jioni tunamwita jina jipya, na msichana akizaa anakuwa Mama Fulani mtaa mzima bila mtu kudai kitambulisho? Audrey Mbugua, mwanamke trans wa Kenya, alienda mahakamani juu baraza la mitihani la Kenya, KNEC, lilikataa kubadilisha jina kwa cheti chake cha sekondari, na bila cheti kinacholingana na wewe kazi unaipata wapi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru apewe kingine chenye jina lake na bila alama ya jinsia. Jina lake la zamani siliandiki hapa, halihitajiki.

Wengine wanadhani trans na huntha ni kitu kimoja, hapana. Huntha amezaliwa na maumbile yasiyoingia wazi upande wa kiume ama wa kike, na Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019 wakapatikana 1,524. Trans, kama nilivyosema, ni vile mtu anavyojijua, si maumbile aliyozaliwa nayo. Na zote mbili hazisemi anapenda nani, kwa hivyo kumrushia "shoga" ni tusi na pia ni kukosea.

Ya kwamba kuwa trans ni ugonjwa wa akili, Shirika la Afya Duniani lilishaitoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili, orodha mpya ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika 2022.

Afu si kila mtu wa trans amefanyiwa operesheni, wengi hawajafanya na wengine hawataki, na hilo swali huwezi kumuuliza jirani yako mwingine yeyote kwa hivyo usimuulize huyu. Ukiteleza ukasema kaka, sema "pole dada" uendelee na stori, usianze kujieleza nusu saa mpaka yeye ndio akubembeleze.