Mirija ya uzazi kuziba: maana yake

Mirija ya uzazi ni miwili, kila mmoja una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Humo ndimo yai na mbegu hukutana. Yai likishapevuka huishi saa 12 hadi 24 tu, na vinyweleo vilivyo ndani ya mrija ndivyo vinavyolisogeza hadi kwenye mfuko wa uzazi.

Kinachoziba ni kovu. Magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, kidole tumbo kilichopasuka, hata kifua kikuu cha viungo vya uzazi, huua vinyweleo hivyo na kugandisha kuta za mrija. Klamidia mara nyingi haiumi wala haitoi dalili. Hedhi nayo haipiti kwenye mirija, inatoka kwenye mfuko wa uzazi. Kwa hiyo mwanamke aliyekwisha kuzaa, anayeona siku zake bila kukosa, anaweza kuwa ameziba pande zote mbili.

Dawa za "kusafisha mirija", ziwe za kunywa au za kujifukiza, haziondoi kovu. Za kuweka ukeni ni mbaya zaidi: huunguza na kufungulia njia maambukizi mapya. Inauma kuona mtu anauza mbuzi kwa ajili ya hizo.

Kipimo ni picha ya eksirei. Dawa maalumu hupitishwa kwenye mlango wa kizazi. Ikimwagikia tumboni, mrija uko wazi. Hufanywa kati ya siku ya 6 na ya 10, ukihesabu tangu hedhi ilipoanza, damu ikiwa imekatika na bila tendo la ndoa tangu hapo. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa kuja Dodoma mjini apige hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi, na amwambie mpimaji kama ana mzio wa dawa yoyote. Wakati mwingine mrija hujikaza kwa maumivu ukaonekana umeziba, kumbe mzima. Muulize daktari kama picha irudiwe.

Mume apimwe kwanza, au siku hiyohiyo. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na mbegu zifike maabara ndani ya saa moja. Kipimo chake hakiumi, na hakuna sababu ya mke kutangulia peke yake.

Mrija uliowahi kuumia au kuzibuliwa kwa upasuaji unaweza kushika mimba ndani yake. Hedhi ikichelewa na tumbo likauma upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.