Kabla uache dawa juu ya habari umeona, uliza ni wangapi kati ya wangapi

Mwezi wa tisa 2025, siku chache baada ya Rais Trump kutangaza kule Marekani ati Tylenol kwa wajawazito inahusiana na usonji (autism) wa watoto, mama mmoja wa mimba ya miezi saba alikuja kliniki yetu hapa Eastlands akitetemeka. Tukampima joto, 39. Alikuwa ametoka Kisumu juzi kwa mazishi, homa siku ya pili na hajagusa Panadol, wifi yake alimtumia skrinshoti kwa WhatsApp kwamba Tylenol na Panadol ni dawa moja (na ni kweli, zote ni paracetamol). Kwa mkoba alikuwa na Brufen (ibuprofen, dawa nyingine ya maumivu na homa), ndiyo amenunua kemisti badala yake.

Hiyo Brufen ndiyo ilinishtua. Kuanzia wiki ya 20 hatutaki mjamzito aimeze mpaka daktari aseme, juu inaweza kuumiza figo za mtoto na maji ya tumboni yapungue. Yani habari ilimtoa kwa dawa tunayompa kila siku ikampeleka kwa ile tunakataza, na malaria tulipompima alikuwa nayo, na homa kali ikiachwa tu yenyewe inaweza kumdhuru mtoto. WHO ilishasema tarehe 24 mwezi huo huo kwamba hakuna ushahidi wa uhakika, lakini hiyo skrinshoti hakutumiwa.

Sasa namba zenyewe. Kuna utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka 2024, watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa 1995 mpaka 2019. Ukiangalia juu juu, kwa watoto 1,000 ambao mama zao hawakutumia paracetamol kama 13 walipatikana na usonji kufikia miaka 10, na kwa waliotumia kama 15. Mwandishi anaweza kusema hatari imepanda asilimia 15 na hajadanganya, lakini msomaji haoni ni watoto wawili kwa elfu moja. Halafu watafiti wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, huyu mama alimeza dawa akiwa na mimba yake, huyu hakumeza, na ile tofauti ikapotea. Maana mtu hamezi Panadol bure, ana homa, ana maumivu, na kuna mambo ya ukoo pia, hayo yote yalikuwa hapo kabla ya dawa.

Hapa kwetu tulishapitia haya na ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Mei 2018 utafiti wa Botswana unaitwa Tsepamo ulionyesha kwamba kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa kwa dolutegravir, ile tunaita DTG, watoto 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Hiyo ni kama 9 kwa 1,000, na kwa dawa zingine ilikuwa 1. Onyo lilifaa kutolewa, silaumu mtu hapo. Lakini 4 ni namba ndogo sana, mtoto mmoja akiongezeka au akipungua hesabu yote inageuka, na bado Kenya iliambia wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe DTG huku wanaume wakipata dawa bora. Julai hiyo wanawake wanaoishi na virusi kutoka nchi za Afrika walikutana Kigali wakadai waelezwe vizuri na wachague wenyewe. Kufikia 2022 hesabu ilikuwa 10 kati ya 9,460, yani kama 1 kwa 1,000, sawa na dawa zingine. Na mpaka leo mama ananiuliza, daktari, si DTG inaharibu mtoto? Ya 2018 aliisikia kwa redio, ya 2022 hakuna aliyemwambia, na hii inaniuma sana.

Kuna dawa hatari yake tunaijua kabisa. Valproate ya kifafa, kama watoto 10 kwa kila 100 wanazaliwa na kasoro. Hata hiyo usiiache ghafla, degedege ikikupata unaweza kufa na mtoto, njoo tukubadilishie polepole, ikiwezekana kabla ya kushika mimba.

Wanahabari, tafadhali andikeni ni wangapi kati ya wangapi, na utafiti ukisahihishwa mtangaze hilo pia saa ile ile ya taarifa.

Yule mama tulimpa dawa ya malaria na Panadol, kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache tu. Akaniomba nimwandikie nyuma ya kitabu cha kliniki 13 na 15, ampigie picha amtumie wifi.