Kunde na mlima wa pili

Nikimpigia mama simu kutoka Scotland, hakosi kuuliza: "Mwanangu, huyo mbwa unampeleka mlimani kutafuta nini?" Kwetu Nyeri mbwa kazi yake ni kulinda boma, mjadala umekwisha. Mimi ni daktari wa mifugo, na Jumamosi iliyopita nilipanda Beinn Ghlas na Ben Lawers kwa siku moja na Kunde, mbwa jike wa miaka saba wa aina ya collie, wale wa kuchunga kondoo. Kupanda mlima wa kwanza hakunisumbui akili. Kazi ya daktari huanza pale unapotaka kuongeza wa pili.

Milima hii imesimama juu ya Loch Tay, ziwa refu la Perthshire. Beinn Ghlas una mita 1,103, Ben Lawers 1,214. Yote miwili ni Munro, yaani imo kwenye orodha ya milima ya Scotland inayopita futi 3,000, ambayo Hugh Munro aliitoa kwanza mwaka 1891. Gari unaliacha kwenye mita 400 na kitu, na mzunguko mzima ni kilomita 10 na ushei.

Mwanzoni njia hupita ndani ya uzio uliowekwa ili kondoo na paa wasimalize miche na maua. Humo Kunde yuko kwenye kamba, na tukitoka nje ya uzio bado yuko kwenye kamba, maana kondoo wako huko na ndege wanaotaga chini bado wana makinda mwezi Juni. Tangu 2021 sheria ya hapa inaruhusu faini ya hadi pauni 40,000 au kifungo cha hadi miezi 12 mbwa wako akisumbua mifugo. Wengine huona ni ukali. Mimi sioni hivyo: kondoo mwenye mimba si lazima ang'atwe, kufukuzwa tu kunaweza kumfanya atupe mimba.

Sasa mwili. Mbwa hatoki jasho la kumpoza kama sisi. Joto hulitoa kwa kuhema. Kwa hiyo anapopanda anaweza kupata joto kupita kiasi hata siku ambayo wewe umevaa koti. Akifika juu kwenye upepo, manyoya yakiwa mabichi, shida inageuka kuwa baridi. Vijito viko chini. Juu kwenye mgongo wa mlima usivitegemee. Nilibeba lita moja na nusu kwa ajili yake peke yake.

Kutoka Beinn Ghlas unashuka hadi kwenye shingo kati ya vilele viwili, kisha unapanda tena mita 200 hivi. Pale shingoni ndipo ninapokaa dakika kumi, nyuma ya jiwe. Usimtegemee collie akuambie amechoka. Amezaliwa kufuata, na atafuata hadi aanguke. Naangalia ulimi: ukitanuka ncha kama kijiko na kuhema hakupungui baada ya kupumzika, joto limemzidi. Nabonyeza ufizi kwa kidole. Weupe unapaswa kurudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Nageuza nyayo moja moja, kwa sababu mawe ya huku yana makali. Mwisho namtembeza hatua kumi nikiwa nyuma yake, nione kama kuna mguu anaouonea huruma. Nimewahi kugeuka pale pale shingoni, kilele kikionekana, na sikujuta.

Jumamosi alifaulu yote, akala vipande vya kuku, tukapanda. Kileleni nilimsimulia (ndiyo, huwa naongea naye) kwamba mwaka 1878 watu walirundika mawe kimo cha futi 20 hivi ili Ben Lawers ufike futi 4,000. Ramani hazikuyahesabu, na rundo likaporomoka.

Wengi hurudi kwa kuupanda Beinn Ghlas mara ya pili. Sisi tulishika njia inayopita ubavuni mwake, upande wa kaskazini. Mbwa akisimama tu, miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake, na mteremko huongeza. Bega la mbwa wa miaka saba halihitaji zawadi hiyo. Penye ngazi za mawe nilimfupishia kamba asiruke.

Nyumbani kazi ilikuwa kupe. Kwetu ukitaja kupe mfugaji anafikiria ndigana kali ya ng'ombe. Hapa ni ugonjwa wa Lyme, ambao hata mwenye mbwa huupata. Nilipapasa masikio, makwapa na katikati ya vidole, nikatoa watatu kwa kibano. Wa nne alikuwa kwenye soksi yangu.

Jumapili asubuhi Kunde aliamka, akajinyoosha bila kuchechemea, akasimama mlangoni akiitazama kamba. Sikumpeleka popote.