Stopa ya Mlango: Aina Zake, Kazi Zake na Namba Yake ya Forodha

Stopa ya mlango ni kitu chochote kinachouwekea mlango mpaka: ama usifunguke kupita pale unapotakiwa, ama usijifunge wenyewe baada ya kuachwa wazi. Hizo ni kazi mbili, na anayezichanganya hununua kifaa kisichomfaa. Kinundu cha mpira kilichofungwa sakafuni huukinga ukuta usipigwe na kitasa, lakini upepo ukigeuka hakiwezi kuuzuia mlango usirudi kwa kishindo. Kabari iliyosukumwa chini ya mlango huushika pale pale ulipo, lakini ikishatolewa hakuna tena kinachoukinga ukuta.

Kwetu Unguja na Pemba upepo ndio unaoamua. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, kusi hushika katikati ya mwaka, na nyumba zetu hujengwa na madirisha pande mbili ili upepo upite. Mlango uliotulia msimu mmoja huanza kupiga msimu wa pili. Kishindo kimoja hakiharibu kitu. Vishindo vya miezi mitatu hulegeza skrubu za bawaba, hupasua lipu pembeni mwa fremu na kuchimba shimo ukutani pale kitasa kinapogonga.

Kabla ya kuuliza bei, uliza: stopa hii inafungwa kwa skrubu, au inawekwa tu? Jibu lake litakuonyesha itashika namna gani, na bandarini litakuonyesha italipiwa ushuru kwa namba gani.

Za kuwekwa tu ni kabari za mpira, mbao au plastiki, mifuko ya kitambaa iliyojazwa mchanga, na vitu vizito vya chuma au mawe. Kabari hushika kwa msuguano, kwa hiyo upenyo wa chini ya mlango lazima uwe mkubwa kuliko ncha nyembamba ya kabari na mdogo kuliko kitako chake. Mlango wenye upenyo wa sentimita 4 hauwezi kushikwa na kabari yenye kitako cha sentimita 3, hata uisukume vipi. Vumbi na mchanga mwembamba wa pwani huifanya iteleze juu ya marumaru: ifute chini kwa kitambaa kibichi, na ufute sakafu pia. Mpira mweusi wa bei nafuu huacha alama kwenye vigae vyeupe. Penye vigae hivyo chagua wa kijivu au mweupe.

Za kufungwa ni nyingi zaidi. Kinundu cha sakafuni chenye umbo la nusu duara ndicho kinachofaa vyumba vingi. Ya ukutani hutokeza kama kidole, urefu wa sentimita 7 au 8, na hufaa pale ambapo kinundu cha sakafuni kingemkwaza mtu. Ya bawaba huvishwa kwenye pini ya bawaba. Hiyo ni ya milango myepesi tu, na kwenye mlango wa flashi ulio mtupu ndani hubonyeza uso wa mlango mpaka ukatoboka. Ya mguu hufungwa chini ya mlango, ukaishusha kwa kidole cha mguu na kuipandisha ukitaka kufunga. Ya sumaku na ya ndoano hufanya kazi zote mbili, kukinga ukuta na kushika mlango, na kwa nyumba inayoelekea bahari hizo ndizo za kununua.

Makosa mengi ya mafundi ni ya mahali pa kufunga. Mlango wa upana wa sentimita 80 ukipigwa na upepo, stopa iliyo sentimita 70 kutoka kwenye bawaba hupokea nguvu kiasi fulani. Ukiifunga sentimita 20 kutoka kwenye bawaba, itapokea nguvu hiyo mara tatu na nusu, na bawaba nazo zitavutwa kwa nguvu kubwa hivyo hivyo. Hapo mlango hujing'oa wenyewe. Funga stopa karibu na ukingo wa upande wa kitasa, ukiacha sentimita 5 hadi 10 tu. Kabla ya kutoboa, fungua mlango mpaka kitasa kibakize sentimita 2 au 3 kufika ukutani, kisha weka alama sakafuni pale mlango unapoigusa stopa.

Kwenye sakafu ya zege yenye vigae, bandika utepe wa karatasi juu ya alama ili biti isiteleze. Anza na biti ya kigae, drili ikizunguka bila kugonga, mpaka kigae kitoboke. Halafu badili uweke biti ya zege ya milimita 8 na uiwashe drili kwa kugonga. Kwa plagi ya milimita 8 kwa 40, shimo liingie milimita 50 ndani ya zege, mbali na unene wa kigae. Toa unga wote, kwa kuwa unga ukibaki plagi haifiki mwisho. Isukume plagi mpaka ipite kigae kabisa. Ikibaki ndani ya kigae itatanuka hapo skrubu inapokazwa, na kigae kitapasuka, kama si siku hiyo basi wiki inayofuata.

Nyumba za Mji Mkongwe zina mambo yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na lipu yake ni laini. Stopa ya ukutani yenye plagi fupi hukaa siku chache kisha hutoka na bonge la chokaa. Tumia plagi ndefu ya milimita 80, uifikishe mpaka kwenye jiwe, na utoboe bila kugonga. Sakafu za juu zilizolazwa juu ya boriti za mikoko nazo hazistahiki kutobolewa ovyo: zege lake la chokaa humung'unyika, na kinundu kilichong'oka huacha shimo linalokua. Ghorofani, uzito wa kuwekwa tu au ndoano iliyofungwa kwenye mbao ya fremu ni bora. Mlango wa nakshi usitobolewe kabisa. Una mabao mawili, kila bao linataka stopa yake, na zote zikae sakafuni. Skrubu moja kwenye msaji uliochongwa miaka mia iliyopita haifutiki.

Hewa ya chumvi huchagua madini. Aloi ya zinki iliyopakwa kromu hung'aa dukani, lakini karibu na bahari huanza vipele vyeupe kisha rangi humenyeka. Chuma cha pua cha daraja 304 huvumilia zaidi, ingawa huweza kupata madoa ya kutu usoni, na daraja 316 ndilo la kuweka nyumba za ufukweni. Shaba hubadilika rangi tu. Hakikisha skrubu nazo ni za daraja hilo hilo, kwa sababu mara nyingi kifaa ni kizuri na skrubu zilizomo paketini ni za chuma cha kawaida.

Kwenye hoteli na skuli kuna milango ya kuzuia moto, ambayo kazi yake ni kujifunga. Kabari chini ya mlango huo huruhusu moshi upite. Unaotakiwa kubaki wazi huwekewa kishikio cha sumaku ya umeme, kinachouachia mlango king'ora kikilia au umeme ukikatika.

Sasa forodha. Mzigo unaoshuka Malindi, bandari ya Unguja, hutozwa kwa Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, sawa na unaoshuka Dar es Salaam, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndiyo inayoukusanya. Namba zake zina tarakimu 8, na 6 za mwanzo ni za HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaotumika duniani tangu 1988. Tangu Julai 2022 viwango vikuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35.

Hakuna namba moja ya "stopa ya mlango". Ya madini ya kawaida, iwe chuma, shaba, aluminiamu au zinki, iliyotengenezwa kufungwa kwenye jengo, huingia 8302.41, pamoja na makomeo na vishikio. Ncha yake ya mpira haiiondoi hapo, kwa kuwa kinachoipa sura yake ni madini. Kabari ya mpira mtupu ni 4016.99. Plastiki ndiyo inayowakosesha wengi: ya kufungwa moja kwa moja kwenye mlango, ukuta au sakafu ni 3925.90, vifaa vya ujenzi, na kabari ya plastiki ya kuwekwa tu hutoka humo ikatafutiwa mahali kwenye bidhaa nyingine za plastiki, kama 3926.90. Ya mbao ya kuwekwa ni 4421.99. Mfuko wa kitambaa ni 6307.90. Tembo wa chuma wa kuwekwa mlangoni huzua ubishi, kwa sababu anaweza kuonekana pambo, na mapambo ya madini yako 83.06.

Kifaa cha mkono wa mafuta kinachoufunga mlango chenyewe si stopa. Kina namba yake, 8302.60. Kishikio cha sumaku ya umeme nacho hupelekwa 85.05.

Tofauti ya kiwango ni pesa. Chukua mzigo wa dola 1,200, nauli ya meli 180 na bima 20: thamani ya kutozwa ni 1,400. Kwa asilimia 25 ushuru ni dola 350, kwa 35 ni 490, kabla ya kodi nyingine. Viwango hubadilishwa kwa tangazo la Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Julai, basi soma cha mwaka wa mzigo wako.

Ankara iliyoandikwa "vifaa vya mlango" tu humwachia afisa akisie. Mwambie muuzaji aandike kila aina mstari wake: madini gani, inafungwa au inawekwa, vipande vingapi, uzito gani. Beba picha na sampuli moja. Ukiwa na shaka, omba kwa maandishi uamuzi wa uainishaji kabla ya kuagiza. Uamuzi ukitoka usiokuridhisha, sheria ya forodha ya Jumuiya inakupa siku 30 za kuomba mapitio, na siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi.