Huo msimbopau kwenye jalada lako ni wa nini?

Juzi nimepokea PDF nyingine. "Shikamoo dada, tunaomba utuangalizie jarida letu kabla hatujalipeleka kwa mpiga chapa." Marahaba, nikafungua. Jarida la muziki la wanafunzi wa chuo, toleo la kwanza, kurasa 18. Taarab mwanzoni, singeli nyuma, na katikati mahojiano mawili yaliyoandikwa vizuri hata nikasahau kwamba nimeitwa kukagua mpangilio. Kisha nikarudi kwenye jalada. Chini kulia, msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani.

Nikasoma tarakimu zake. Msimbopau wa jarida unaobeba ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, huanza na 977. Huu ulianza na 620, ambayo ni ya bidhaa zilizosajiliwa Tanzania. Nikauliza umetoka wapi. Jibu: kwenye pakiti ya majani ya chai, nyumbani kwa mmoja wao. Sasa kwa nini mmeuweka? "Dada, tulifundishwa jarida lazima liwe na msimbopau. Ni desturi."

Miaka mingi napanga kurasa, na mingi kati ya hiyo nasaidia vikundi vya wanafunzi, na sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno. Safari hii naandika, ili nyingine ikija nitume kiungo tu.

Imani yenyewe ni hii: desturi za usanifu wa jarida ni orodha ya vitu. Jina juu, sura kubwa ya msanii akikutazama, vichwa vya habari pembeni kushoto, bei, tarehe, msimbopau, dondoo kubwa katikati ya mahojiano, na herufi ya kwanza iliyokuzwa. Weka vyote, upate jarida. Mtu anachukua toleo la jarida la Uingereza au Marekani, anahesabu vilivyomo, anavihamisha. Kinachonikera ni kwamba anayefanya hivyo anajitahidi kweli. Amekaa usiku kucha. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kila kimoja kati ya vitu hivyo kilianza kama jibu la shida ya mtu fulani mahali fulani, na kwamba kazi yake ya kwanza ni kuijua hiyo shida.

Msimbopau upo kwa ajili ya mtu wa kaunta. Jarida lenu linagawiwa bure chuoni na kusambazwa WhatsApp. Hakuna kaunta. Ondoa.

Vichwa vya jalada upande wa kushoto je? Kwenye maduka mengi ya Uingereza na Marekani majarida husimama kwenye rafu yakiwa yamefunikana kama karata. Kinachobaki wazi ni ukanda wa kushoto, au sehemu ya juu kama rafu ina ngazi. Ndiyo maana wasanifu wa huko walisukuma maneno ya kuuzia kwenye theluthi ya kushoto na jina wakalipandisha juu kabisa. Sasa nenda katazame muuza magazeti wa Dar es Salaam. Anayatandaza kwenye ubao au juu ya turubai chini, mengine anayabana kwenye kamba, na watu wanasimama wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Msomaji anatazama kutoka juu, amesimama hatua mbili nyuma. Ukanda wa kushoto hauna cheo chochote hapo. Lenye cheo ni ukubwa wa maneno: je, mtu aliyesimama atayasoma bila kuinama? Wanafunzi wangu wanaweka vichwa sita vya pointi 14 upande wa kushoto juu ya picha yenye kanga ya maua, na hakuna anayeweza kuvisoma hata akiinama.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka, maana hayo si desturi, ni hesabu. Jarida la kubanwa pini katikati lina kurasa zinazogawanyika kwa 4, kwa hiyo 18 haipo. Ni 16 au 20. Picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha mpiga chapa hakikati mahali palepale kila mara. Picha ya kujaza A4 iwe na pikseli 2480 kwa 3508, na kwa chapa nzuri msishuke sana chini ya hapo. Ile mliyotumiana kwenye kundi la WhatsApp imeshabanwa, ombeni ya asili kwa mpiga picha. Haya hayana mjadala. Mashine haibembelezwi.

Sasa safu, ambako ningeweza kukaa siku nzima.

Karibu kila jarida la wanafunzi ninaloletewa lina safu tatu kwa ukurasa, kwa sababu ndivyo walivyoona. Tufanye hesabu. A4 ina upana wa milimita 210. Toa pambizo za 15 kila upande, zinabaki 180. Toa nafasi mbili za 5 kati ya safu, gawa kwa tatu: kila safu ina kama milimita 57. Kwa herufi za kawaida za pointi 9 na nusu, mstari unabeba herufi kama 36 pamoja na nafasi. Kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi mafupi, safu hiyo inapitika. Kiswahili hubandika mtenda, wakati na mtendwa kwenye neno moja. "Walivyotutangulia" ni neno moja, herufi 17, karibu nusu ya mstari. Ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke, kompyuta itajaza pengo kwa kutanua nafasi, na utapata mistari yenye maneno matatu yaliyosimama mbalimbali kama watu waliogombana.

Ataniambia mtu: basi ruhusu kukata maneno mwisho wa mstari. Programu yako imewekwa lugha gani? Kama ni Kiingereza, itakata kwa silabi za Kiingereza. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na mb, nd, ng, nj huenda pamoja na irabu inayofuata. "Wanipenda" hukatwa wanipe-nda. Mashine itakupa wanipen-da, na msomaji anajikwaa bila kujua amejikwaa wapi. Zima ukataji wa kompyuta, acha ukingo wa kulia uwe huru, na pale panapohitaji kukatwa kata kwa mkono.

Lakini kilichonifanya nisimame juzi ni ukurasa wa 7. Walikuwa wameweka maneno ya wimbo wa taarab, beti tano, ndani ya safu ya milimita 57. Taarab ni ushairi. Mshororo una ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili, na ukiwa wa mizani (silabi) 8 kwa 8 huwa na urefu wake ambao msanifu hana ruhusa ya kuuchezea. Chukua mshororo huu ninaoutunga hapa hapa kwa mfano:

Nilidhani wanipenda, kumbe moyo u kwingine

Ni herufi 42 pamoja na nafasi. Safu inabeba 36. Kwa hiyo "kwingine" linadondoka peke yake mstari wa chini, na mshororo unaofuata unaanza baada yake, na ule nao unadondosha neno lake. Beti ya mishororo minne inakuwa mistari minane, minne mirefu na minne ya neno mojamoja, na kina cha mwisho, kile ambacho mtunzi alikitafuta kwa jasho, kinaonekana kama makosa ya chapa. Nilikasirika kweli. Siku zote tunalalamika kwamba vijana hawasomi ushairi, halafu tunauvunja shingo kwa ajili ya gridi ya safu tatu tuliyoikuta kwenye jarida la London.

Tiba ni rahisi. Safu mbili badala ya tatu: 180 toa 5, gawa kwa mbili, milimita 87 na nusu, herufi kama 55. Mshororo unalala mzima. Halafu fanya kitu ambacho mashairi yanakistahili: anzisha utao wa kila mshororo kwenye alama moja ya kusogezea (tab), si kwa kugonga nafasi nafasi, ili tao zote zianze kwenye mstari mmoja wima. Hapo jicho linaona umbo la beti hata kabla ya kusoma. Yeyote aliyezoea mashairi atalitambua kwa mbali, na hiyo ndiyo kazi ya desturi: mtu ajue yuko wapi kabla hujamwambia.

Mambo mawili ya kwetu kabla sijasahau. Herufi kubwa ya mwanzo ikiangukia neno kama "Ng'ambo", usikuze N peke yake ukaacha g' ikining'inia. Kuza Ng' yote au badilisha sentensi. Na ile alama juu ya ng' ielekee kama tarakimu 9, si kama 6. Kwenye kichwa cha pointi 60 kosa hilo linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Kuna kundi la pili, dogo lakini lenye sauti kubwa, ambalo likisikia nasema "usiige" linapiga makofi. Hawa huja na Ray Gun. Ni kweli: jarida hilo la muziki la Marekani lilianza mwaka 1992, na msanifu wake David Carson alizipindua desturi karibu zote. Mwaka 1994 aliona mahojiano na mwanamuziki Bryan Ferry yanachosha, akayapanga kwa Zapf Dingbats, fonti ambayo haina herufi, ni vialama tu. Kisa hiki nasimuliwa kila muhula kama ushahidi kwamba msomaji hana haki ya kusoma. Wanachokiacha ni kwamba mahojiano hayohayo yaliwekwa tena nyuma ya toleo lilelile kwa herufi zinazosomeka. Aliyevunja alijua anavunja nini, na msomaji aliyetaka maneno aliyapata. Wewe umeweka maandishi ya njano juu ya picha ya jukwaa lenye taa za njano na hukuweka nakala nyuma.

Nikipewa nafasi ya kuchagua mfano wa kuwaonyesha wanafunzi, nachagua The Source. Lilianzishwa mwaka 1988 na David Mays akiwa mwanafunzi wa Harvard, kama karatasi ya habari za hip hop kwa wasikilizaji wa kipindi chake cha redio. Msomaji alijulikana ni nani na habari zilikuwa anazozitaka. Umbo la jarida likafuata baadaye.

Sasa niseme ninayoyatilia shaka, kwa sababu vitabu vya somo hili havikiri shaka. Tunafundisha kwamba jicho hupita kwenye ukurasa kwa umbo la Z. Nimekaa pembeni ya watu wakifungua majarida niliyoyapanga mwenyewe, na wengi huenda kwenye sura ya mtu, kisha maelezo ya picha, kisha wanafunua. Siiamini tena hiyo Z, na nimeacha kuifundisha. Tunafundisha fonti mbili, zikizidi sana tatu. Mimi naifuata kwa sababu inawaokoa wanaoanza, lakini nimeona jarida la fonti tano lililoshikamana vizuri kuliko langu la mbili. Tunafundisha msanii wa jalada atazame kamera. Kwa msanii wa singeli, sawa, maana ushindani ndiyo muziki wenyewe. Kwa mwimbaji wa taarab mwenye umri wake, aliyezoea kuimba macho yakiwa mbali, kumlazimisha akukodolee macho kunamfanya awe mtu mwingine. Picha nzuri ya juzi ilikuwa hiyo ya pili, ndani, akitazama pembeni. Niliwaambia waipeleke jaladani.

Hata A4 yenyewe siitetei. Mkisambaza kwa simu, ukurasa wa A4 unabanwa mpaka upana wa kiganja na pointi 9 na nusu zinakuwa vumbi. Msomaji anakuza, anavuta kushoto, anavuta kulia, anachoka. Kwa simu ningetengeneza toleo jingine kabisa, safu moja, ukurasa mdogo, herufi kubwa. Wanafunzi hawapendi kusikia hivyo kwa sababu ni kazi mara mbili. Ni kweli ni kazi mara mbili.

Tulibishana kuhusu jina la jarida. Baada ya msimbopau kuondoka walipata ujasiri, wakalishusha jina mpaka chini ya jalada. Hoja yao: dada, si umesema jina lilikaa juu kwa sababu ya rafu, na sisi hatuna rafu? Nilifurahi sana, kwa sababu hatimaye waliuliza sababu. Kisha nikawaomba wajitumie ile PDF WhatsApp. Kionjo kinachotokea kwenye maongezi huonyesha sehemu ya juu tu ya ukurasa wa kwanza. Kilitokea kilemba cha yule mama wa taarab na kipande cha ukuta. Jina halikuonekana.

Mhariri wao akatazama simu, akatazama jalada, akasema kilemba kile kinatosha, kila mtu anamjua mwenye nacho. Bado nadhani amekosea. Toleo linatoka Ijumaa, jina likiwa chini, na nimemwomba ahesabu wangapi watauliza hili ni jarida gani.