Mbwa achanjwe kila mwaka au kila miaka mitatu? Maswali ya kwenye foleni na majibu yake

Kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu wa Kasese, Bwera na Mpondwe, magharibi mwa Uganda, huleta mbwa wao kwenye chanjo, na ubishi huanzia palepale kwenye foleni. Mmoja ameambiwa na mwanawe aliye Uingereza kwamba huko mbwa hachomwi kila mwaka. Mwingine anashikilia kuwa madaktari tunatafuta pesa. Wa tatu hajawahi kuchanja mbwa maisha yake yote na anauliza amepungukiwa nini. Mimi ni daktari wa mifugo. Maswali haya nimeyajibu nikiwa nimesimama juani mara nyingi, sasa acha niyajibu nikiwa nimekaa.

Daktari, ni kweli kwamba wazungu wameacha kuchanja mbwa kila mwaka?

Kwa baadhi ya chanjo, ni kweli. Mbwa ana chanjo za msingi, ambazo kila mbwa anapaswa kuzipata popote alipo: ya distempa (ugonjwa wa virusi unaoshika mapafu, tumbo na ubongo), ya pavo (ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa), ya homa ya ini ya mbwa, na katika nchi kama yetu, ya kichaa. Zile tatu za kwanza kwa kawaida hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na kinga yake hudumu sana. Ronald Schultz, mtaalamu wa kinga wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, alitumia miaka mingi kupima jambo hili, na mbwa wake walikutwa bado wana kinga ya distempa na pavo miaka 7 na zaidi baada ya kuchanjwa.

Kwa hiyo mwaka 2003 chama cha hospitali za wanyama cha Marekani kilishauri chanjo hizo zirudiwe kila baada ya miaka 3. Chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, nacho kinashauri zisirudiwe mara nyingi zaidi ya kila miaka 3, mradi mbwa alikamilisha chanjo zake za utotoni.

Lakini yule kijana aliye Uingereza hakumwambia baba yake jambo moja. Uingereza haina kichaa cha mbwa. Mbwa wa huko huchanjwa kichaa anapotaka kusafirishwa tu. Huwezi kuchukua ratiba ya nchi isiyo na ugonjwa ukaitumia kwenye kijiji ambacho ugonjwa unapita barabarani kwa miguu minne.

Kama kinga inadumu, kwa nini zamani kila chanjo iliandikwa mwaka mmoja?

Kwa sababu ndivyo ilivyopimwa. Mtengenezaji alitakiwa athibitishe muda ambao chanjo inakinga, na kufuga mbwa wa majaribio kwa miaka mingi ni gharama. Wengi walipima mwaka mmoja, wakaandika mwaka mmoja. Maana yake ilikuwa "tuna uhakika wa mwaka mmoja". Watu wakaisoma kama "inakwisha baada ya mwaka mmoja", nasi madaktari tukaisoma hivyo hivyo kwa miaka mingi. Anayesema tulichoma zaidi ya lazima katika chanjo hizi hajakosea, wala sioni haya kulikubali.

Leptospirosi ni habari nyingine. Huu ni ugonjwa wa mkojo wa panya na maji machafu, ambao huambukiza binadamu pia. Tanzania wanauita homa ya Mgunda. Chanjo yake ni ya bakteria, kinga yake ni fupi, na mbwa anayeihitaji huchomwa kila mwaka.

Na chanjo ya kichaa? Hapo unasemaje?

Hapo nasimama upande wa kila mwaka, na nataka nieleze vizuri kwa nini, maana si kwamba dawa ni dhaifu. Zipo chanjo za kichaa zilizothibitishwa kukinga kwa miaka 3. Ukiwa na mbwa mmoja anayelala ndani ya ua, ana kadi, alichomwa chanjo ya namna hiyo na ikarudiwa baada ya mwaka wa kwanza, mwili wake hautapoteza kinga siku mwaka unapogeuka.

Tatizo liko kwa mbwa wa kijiji kizima. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sasa tufanye hesabu. Kijiji kina mbwa 100, mmechanja 70. Mbwa wa vijijini kwetu hawaishi sana: wanagongwa na magari, wanalishwa sumu, wanapotea, wanakufa kwa njaa na maradhi. Tuseme kwa mwaka wanakufa 30 katika kila 100, na nafasi zao zinachukuliwa na watoto wapya. Katika wale 70 wenye kinga, 21 hawapo tena. Mmebaki na 49. Mkiruka mwaka mwingine mnabaki na kama 34. Hakuna sindano iliyoisha nguvu hapo. Mbwa waliochanjwa wamekufa, na waliozaliwa hawajaguswa.

Ndiyo sababu kampeni iliyofika kwenye parishi yako mwaka jana inapaswa kurudi mwaka huu. Na ndiyo sababu mzee anayeniambia "huyu nilimchanja mwaka juzi" namwomba amlete, na amlete pia yule mdogo aliyemwacha nyumbani. Yule mdogo ndiye ninayemtaka zaidi.

Ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Sijui ugonjwa mwingine ambao kinga yake ni rahisi namna hii na kifo chake ni cha hakika namna hii.

Mtoto wa mbwa achanjwe lini? Wangu alichomwa akiwa na wiki sita, mbona alikufa kwa pavo?

Pole. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na linaumiza kwa sababu mwenye mbwa alijitahidi.

Mtoto anaponyonya maziwa ya kwanza hupata kinga ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia huizima chanjo: inakamata virusi vya sindano kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Hupungua taratibu, kwa mtoto huyu mapema, kwa yule baadaye, na huwezi kujua kwa macho. Kwa hiyo tunachoma zaidi ya mara moja ili sindano mojawapo ikute mlango wazi. Tunaanza akiwa na wiki 6 hadi 8, tunarudia kila wiki 2 hadi 4, na ya mwisho ichomwe akiwa ametimiza wiki 16 au zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaikosa. Mtoto amechomwa mara mbili, anaonekana mzima, mwenyewe anaona yatosha. Kisha hurudiwa akiwa na miezi 6 au akitimiza mwaka.

Ukiniambia una pesa ya kuchagua kati ya kumrudia mbwa mzima kila mwaka distempa na pavo, au kumkamilishia mtoto sindano ya wiki ya 16, nitakwambia bila kusita: mkamilishie mtoto.

Kichaa kwa kawaida huchanjwa akiwa na miezi 3, ila kampeni ikipita kijijini na mtoto wako ana wiki chache tu, mlete. Shirika la Afya Duniani linataka hata wale wa chini ya miezi 3 wachanjwe katika kampeni, kisha warudiwe.

Sindano nyingi haziwezi kumdhuru?

Mbwa wengi hunyong'onyea siku moja, hula kidogo, huvimba kidogo pale alipochomwa. Wachache sana hupata mzio mkali: uso kuvimba, kutapika, kuishiwa nguvu. Huanza mapema, kwa hiyo usiondoke mara tu anapochomwa; kaa nusu saa hivi. Mbwa wadogo wa kimo wakichomwa chanjo nyingi siku moja hupata shida zaidi kuliko wakubwa.

Kwa paka kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1991 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliripoti uvimbe wa saratani unaoota pale paka walipochomwa sindano. Ni nadra sana, lakini ni mkali, na ndio uliowasukuma madaktari waulize upya kama kila sindano ina lazima. Uvimbe kwenye paka ukiwa bado upo baada ya miezi 3, au ukizidi sentimita 2, au ukiendelea kukua mwezi mmoja baada ya sindano, mpeleke akaangaliwe.

Haya ni madhara ya kweli na mtu ana haki ya kuyauliza. Nikiyaweka kwenye mizani na kichaa, hapa Uganda, naendelea kuchanja.

Mbwa wa kuwinda akichanjwa si anapoteza ukali na harufu?

Hapana. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui mmoja. Haigusi pua wala moyo wa mbwa. Ila mbwa aliyetoka kuchanjwa mpumzishe siku mbili tatu.

Na kwa sisi tunaoishi ubavuni mwa Hifadhi ya Queen Elizabeth, tukumbuke ya Serengeti mwaka 1994. Distempa, iliyohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, iliingia kwa simba, na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti wakafa. Mbwa wetu na wanyama wa mbuga wanakunywa maji mamoja.

Naweza kununua chanjo duka la dawa za mifugo nikamchoma mwenyewe?

Nakuomba usifanye hivyo. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa mfukoni kwenye boda kutoka mjini, au umeme ukikatika na friji ikapata joto na kuganda kwa zamu, unaweza kuchoma maji matupu ukarudi nyumbani umetulia. Hizo za virusi hai ndizo huharibika upesi zaidi kwa joto.

Chanjo ya kichaa ni ngumu kidogo. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba aina moja iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, bado ilitoa kinga kwa mbwa. Habari hiyo ni ya matumaini makubwa kwa vijiji visivyo na umeme. Lakini ni ya aina hiyo moja. Usiichukue kama ruhusa ya kuacha chupa yoyote dirishani. Halafu ukichoma mwenyewe hupati kadi iliyosainiwa, na kadi ndiyo ushahidi wako mbwa akimuuma mtoto wa jirani.

Kipimo cha damu hakiwezi kuonyesha kama anahitaji sindano?

Kwa distempa, pavo na homa ya ini, kipimo cha kingamwili kinasaidia kweli, na mwenye mbwa mzee au aliyewahi kupata mzio anaweza kukitumia. Kwa wengi wetu gharama yake hupita ya sindano yenyewe. Kwa kichaa, kipimo hutumika sana kwenye safari za nje, ambako kingamwili hutakiwa kufikia nusu ya yuniti kwa mililita. Hakichukui nafasi ya kadi.

Mbwa aliyeniuma amechanjwa. Nakwenda kituo cha afya au nakaa?

Unakwenda. Kwanza osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, dakika kamili, si kumwagia tu. Usipake pilipili, majani wala mafuta, na usifunge jiwe jeusi ukangoja. Jiwe halitoi virusi vya kichaa. Mhudumu ataangalia kadi, hali ya mbwa na ukubwa wa jeraha. Kama ni jeraha la kutoa damu na mbwa anashukiwa, utahitaji sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa pamoja na kingamwili inayochomwa kwenye jeraha. Si kila kituo huwa nazo, kwa hiyo piga simu kwanza kama unaweza, na ukianza maliza zote.

Mbwa msimuue. Mfungeni salama mkamwangalie siku 10, na mumwarifu daktari wa mifugo na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na virusi mateni siku alipouma. Akiuawa na kutupwa, tumepoteza jibu.

Kadi ya mbwa wangu mkubwa imepotea. Nianze upya kama mtoto?

Hapana. Mbwa aliyevuka wiki 16 hujenga kinga ya distempa na pavo kwa sindano moja ya virusi hai. Kichaa achomwe sasa, arudiwe baada ya mwaka. Kisha kadi mpya ipige picha kwa simu, pande zote mbili, na namba ya chupa isomeke.